Spotlaiti, karia na winchi visifunguliwe usiku: nati gani, gundi gani, na king'ora kinaungwaje?

TaaMbili

Habari za kazi wakuu. Naomba ushauri wa kiufundi.

Gari ni pikapu ya milango minne. Kwenye ngao ya chuma ya mbele kuna spotlaiti mbili za duara za inchi 7, kila moja imesimama kwa bolti moja ya M10 (unene wa milimita 10) iliyopenya bamba la ngao. Juu kuna karia ya aluminiamu, na mbele ya karia kuna taa ndefu ya LED ya inchi 40 iliyoshikwa pembeni kwa bolti za alenkii (zenye tundu la pembe sita kichwani) za M8. Ndani ya ngao kuna winchi (mashine ya kuvutia gari likikwama) ya kamba laini, si ya waya. Tairi la akiba linaning'inia chini ya bodi kule nyuma.

Gari linalala nje. Nimesoma kuhusu nati za kukatika kichwa, nati za ufunguo maalumu, gundi nyekundu ya nyuzi za bolti, gololi ya chuma ndani ya tundu la alenkii, na wengine wanasema chomelea. Kipi kinafaa wapi? Na je, king'ora cha gari kinaweza kuzilinda taa zenyewe na si milango tu?

Sharti langu moja: sitaki kitu ambacho mwizi atashindwa kukifungua halafu na mimi nishindwe.

---

Alenkii6

Kabla hujanunua nati hata moja, simama mbele ya hizo spotlaiti uziangalie kwa jicho la mtu mwenye haraka. Bolti ya M10 ya chini ndiyo kila mtu anahangaika nayo. Lakini taa nyingi za duara zimekaa kwenye mguu wa umbo la U, na mguu huo umeishika taa kwa bolti mbili fupi za alenkii ubavuni, kushoto na kulia. Ndizo za kurekebishia mwinuko wa mwanga. Anayejua kazi yake haigusi M10 kabisa. Anatoa zile mbili za ubavuni kwa alenkii ya kawaida, taa inakuja mkononi, mguu anakuachia kama kumbukumbu. Kwa hiyo hesabu yako ya bolti kwa spotlaiti mbili si 2, ni 6.

Sasa moja moja.

M10 ya chini. Nati ya kukatika ni nati yenye sehemu mbili: chini koni laini, juu kichwa cha pembe sita kilichounganishwa nayo kwa shingo nyembamba. Unakaza kwa spana, ikifika nguvu yake kichwa kinakatika na koni inabaki bila pa kushika. Nzuri sana, ila wengi wanaiweka upande mmoja wakasahau upande wa pili. Kama kichwa cha bolti bado ni cha pembe sita na kinafikika, mwizi anazungusha kichwa, koni yako inabaki pambo. Tumia kochi bolti: kichwa cha uyoga kisicho na pembe, na chini yake shingo ya mraba. Tundu la ngao lilikuwa la duara, kwa hiyo lipige tupa mpaka liwe mraba wa milimita 10 linalobana ile shingo, kisha paka rangi ya kuzuia kutu pale ulipopiga tupa. Ukiacha tundu likiwa duara, bolti nzima itazunguka unapokaza na kichwa cha nati hakitakatika kamwe.

Ukinunua za chuma kisichoshika kutu, weka grisi ya kuzuia kung'ang'ana kwenye nyuzi, tone dogo tu. Nati ya aina hiyo juu ya bolti ya aina hiyo hiyo hupata joto la msuguano na kuumana katikati ya njia. Kichwa kinakatika mapema, unadhani umekaza kumbe taa inacheza. Kaza kwa mkono, polepole. Bunduki ya upepo hapana: inakata kichwa kabla bamba halijabanwa.

M8 za ubavuni na za taa ndefu. Hapa gololi inafaa, lakini kuna jambo ambalo halisemwi. Bolti ya alenkii yenye kichwa cha silinda ina kichwa cha milimita 13 kwa upana na 8 kwa urefu, tena ubavu wake una mikwaruzo ya kushikia vidole. Ziba tundu unavyotaka, mwizi ataminya kichwa kutoka nje kwa plaisi ya kujifunga na kuzungusha. Gololi ina maana pale tu kichwa kimezama ndani ya shimo la mguu, au ukibadilisha uweke bolti ya kichwa cha kitufe, kile cha mgongo wa duara. Kile hakina ubavu wa kuminya.

Hatua:

1. Rekebisha mwanga kwanza. Weka gari mbele ya ukuta, hakikisha mwinuko ni wa mwisho. Baada ya gololi hakuna kurekebisha.
2. Kaza bolti zote kikamilifu.
3. Pima kina cha tundu kwa kijiti. Gololi isizidi kina hicho. Tundu la milimita 6 kwenye bolti ya M8 ya kichwa cha silinda lina kina cha kama milimita 4, basi gololi ni ya 4. Kichwa cha kitufe cha M8 kina tundu la milimita 5 na ni kifupi zaidi, gololi ya 2.5 inatosha. Gololi ikichomoza, inabanduliwa kwa ncha ya bisibisi.
4. Futa mafuta ndani ya tundu kwa kijiti chenye pamba na spiriti. Usimwage thina wala asetoni karibu na kioo cha taa. Vioo vya taa za LED kwa kawaida ni policarboneti (plastiki ngumu), na kemikali hizo huvipasua nyufa ndogo ndogo.
5. Weka gundi ya chuma ya mirija miwili nusu ya tundu, zamisha gololi, jazia mpaka usawa wa kichwa. Iache ikauke usiku kucha.

Drili ikigusa gololi inateleza, kwa sababu gololi ina ugumu unaokaribiana na wa kekee za kawaida. Wewe ukitaka kufungua, weka ncha ya moto ya kuchomea risasi juu ya gololi kwa dakika kadhaa, gundi ya kawaida italegea, chokoa. Ndiyo maana usinunue gundi iliyoandikwa kwamba inastahimili joto la nyuzi 250 na kuendelea. Hiyo itakufanya uungane na mwizi kulia.

Usijaribiwe kuchukua gololi iliyo kubwa kuliko tundu na kuipigilia kwa nyundo. Inaingia, kweli. Haitoki, na kuitoboa hutaweza.

Gundi nyekundu ya nyuzi. Si dawa ya wizi. Imetengenezwa kuzuia mtikisiko. Mwenye spana ndefu anaishinda kwa jasho kidogo, au anakata bolti ya M8 na bado anaondoka na taa. Wewe ukitaka kuitoa kistaarabu unahitaji joto la karibu nyuzi 250 za Selsiasi, na mpira wa kuzuia maji ndani ya taa hauvumilii hilo. Tumia ya bluu kwa ajili ya mtikisiko, mambo ya wizi yaachie kichwa cha bolti.

Vichwa vya nyota vyenye kipini katikati. Biti zake zinauzwa kwa seti. Zinamzuia mpita njia mwenye bisibisi tu. Ni bora kuliko alenkii tupu, basi.

---

Moto_na_Chuma

Maneno mengi. Piga doa la kuchomelea kwenye kila nati, yaishe. Ukitaka kutoa unapitisha grainda sekunde kumi.

---

Spana17

@Moto_na_Chuma sekunde kumi zako ni sekunde kumi za mwizi pia, ila hilo tuliache. Matatizo ya doa ni haya.

Bolti na nati nyingi zimepakwa zinki. Ukizichoma, ule moshi mweupe ni sumu na unaleta homa ya mafundi. Lazima uondoe zinki kwa tupa kwanza, na mahali ulipoiondoa ndipo kutu itaanzia. Pili, mguu wa taa mara nyingi ni aluminiamu, na aluminiamu haishikani na nati ya chuma kwa mashine hiyo ya vijiti. Tatu, umeme wa kuchomelea unatafuta njia ya kurudi. Kama hukutoa terminali za betri na hukubana klipu ya hasi sentimita chache tu kutoka unapochoma, unaweza kuua alteneta au kompyuta ya injini kwa ajili ya taa mbili. Na taa yenyewe ya LED itolewe kabla ya kuchoma, jambo ambalo linafanya kazi nzima iwe kichekesho, maana unachomelea ili isitoke.

Doa lina nafasi moja tu nzuri: bamba la nyongeza. Taa ndefu ya inchi 40 imeshikwa na vibano vya aluminiamu vya milimita 2 au 3. Mtu akishika taa ncha zote mbili akaitikisa juu chini mara ishirini, kibano kinapasuka kwenye kona yake, bolti na gololi zako zikiwa salama salimini. Tengeneza vibano vipya vya chuma cha milimita 4, na kama karia ingekuwa ya chuma ungevichomelea kwenye karia. Yako ni ya aluminiamu, kwa hiyo vifunge kwa bolti mbili kila upande, na kati ya chuma na aluminiamu weka kipande cha mpira au plastiki. Metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu, aluminiamu inaliwa.

Karia yenyewe umeisahau. Inashikwaje kwenye paa? Kama ni kwa makucha manne au sita yenye nati za masikio, mwizi anaondoka na karia, taa ikiwa juu yake, hata haangalii gololi. Kila ukucha upate angalau nati moja ya kukatika au ya ufunguo maalumu. Moja kwa kila ukucha, kwa sababu ukifunga wawili wa mbele tu, wa nyuma wakilegezwa karia inainuliwa na kupindwa.

Winchi. Hapa tafadhali sana: usibadilishe nati zinazobeba mzigo. Winchi nyingi za pikapu zina bolti nne za inchi 3/8 zenye daraja maalumu, na kitabu chake kinataja nguvu ya kukazia. Nati ya kukatika inakatika kwa nguvu yake yenyewe, ambayo haiijui winchi yako. Kaza nati asili kama kitabu kinavyosema, kisha weka nati ya kukatika juu yake kama nati ya pili ya kufungia. Unahitaji nyuzi za bolti zilizobaki zisizopungua unene wa hiyo nati. Kama hazitoshi, badilisha bolti kwa ndefu zaidi ya daraja lile lile. Kwenye winchi ambazo bolti inaingia ndani ya mwili wa winchi, pima kwanza kina cha tundu lake, maana bolti ndefu kupita kiasi inagota mwisho na kuonekana imekaza kumbe bado. Wala hizo nati za pili si lazima uziweke kwenye bolti zote nne. Mbili za mshazari zinatosha, zile ambazo mkono unafika kwa shida zaidi.

Ndoano ya winchi itoe, ikae ndani. Ile pini yake yenye klipu inatoka kwa vidole viwili. Ukiitoa, funga jicho la kamba kwenye ngao kwa uzi imara ili lisivutwe likamezwa na ngoma.

---

Nati_ya_Nne

Naongezea matairi, kwa kuwa rimu ni kifaa cha ziada kama kingine.

Nati moja ya kufuli kwa kila gurudumu inatosha. Sio zote zinafanana ubora. Njia ya wizi ya kawaida ni kupigilia soketi iliyo ndogo kidogo juu ya nati mpaka ing'ate, kisha kuzungusha. Chagua zenye ganda la nje linalozunguka peke yake: soketi inang'ata ganda, ganda linazunguka, nati imetulia. Ile yenye kichwa laini cha duara bila ganda ni chakula cha nyundo.

Vipimo visikosewe. Hilux na Prado za kabla ya toleo la 250 zinatumia M12×1.5 (unene wa milimita 12, nyuzi zikiachana milimita 1.5), Land Cruiser 200 ni M14×1.5, Nissan nyingi ni M12×1.25. Nati ya 1.5 kwenye nyuzi za 1.25 inaingia mizunguko miwili ya kwanza bila kelele, halafu inachana nyuzi. Angalia pia kikalio: rimu nyingi zisizo za kiwandani zina kikalio cha koni ya digrii 60, rimu asili za aluminiamu za Toyota mara nyingi zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, na Honda ni kikalio cha mviringo kama tufe. Nati ya koni kwenye rimu ya washa bapa inagusa ukingo tu. Hiyo si habari ya wizi tena, ni gurudumu kukupita barabarani.

Ufunguo wa nati hizo usiuweke kwenye bunduki ya upepo. Meno yake ni membamba, yanavunjika, halafu una nati nne zisizo na ufunguo. Mwambie fundi wa matairi kabla hajaanza, si baada. Kadi ya namba ya ufunguo ikae nyumbani, na ufunguo wenyewe usikae kwenye kidroo cha dashibodi, maana ndiko kila mtu anakotafuta.

Tairi la akiba la chini: kizibo cha kufuli kinachoziba tundu la kupitishia fimbo ya kushushia kinasaidia nusu tu. Mwizi anaingia chini na kukata mnyororo mwembamba wa kiwandani. Pitisha mnyororo wa chuma kilichokomazwa wa milimita 10 kwenye tundu la rimu na kuzunguka mhimili wa chesisi. Usizungushe kwenye springi, bomba la breki, kebo ya breki ya mkono wala bomba la moshi. Uvishe mnyororo kipande cha tyubu usigonge. Kufuli liwe la kichwa kinachoficha upinde, tundu la ufunguo likitazama chini, na lielekee nyuma ya gari. Tairi la nyuma likiisha upepo gari linashuka, na kufuli lililowekwa katikati hutalifikia. Ndani ya kufuli tia unga wa grafiti. Mafuta yanakamata vumbi na kutengeneza tope.

---

Fundi_Waya

Swali la king'ora halijaguswa, nalichukua.

Kuna njia rahisi: kitanzi cha waya. Waya mwembamba unatoka kwenye king'ora, unapita kwenye kila taa, unarudi kwenye bodi. Kitanzi kikikatwa au plagi ikichomolewa, king'ora kinalia. Shida ni kwamba viingilio vingi vya king'ora, kama kile cha boneti, hufanya kazi kinyume: vinalia *vikiguswa* na hasi. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kugeuza.

Wengi wanaweka rilei (swichi inayoendeshwa na koili ya umeme) ya kawaida ya gari. Usifanye. Koili ya rilei ya volti 12 ina kama ohmu 85, inakula ampea 0.14 muda wote kitanzi kikiwa kizima. Kwa siku ni ampea-saa 3.4, kwa wiki mbili ni karibu 47. Betri ya 70 itakuwa taabani, na taa zako zitakuwa salama kwenye gari lisilowaka.

Tumia transista moja:

- Transista ya NPN, BC547 au 2N2222. Miguu yake mitatu ni besi, emita na kolekta.
- Rezista ya kilo-ohmu 47 kutoka chanya ya betri (kupitia fyuzi ya ampea 1) kwenda kwenye besi ya transista.
- Kapasita ya mikrofaradi 100, volti 25, kati ya besi na hasi. Mguu wa chanya uwe kwenye besi.
- Emita kwenye hasi.
- Kolekta kwenda kwenye waya wa boneti wa king'ora, kupitia daiodi ya 1N4007, mstari wake ukitazama kolekta. Daiodi inazuia swichi ya boneti na kitanzi visiingiliane.
- Kitanzi chenyewe: waya wa milimita za mraba 0.5 kutoka besi, kuzunguka taa zote kwa mfululizo, mwisho wake kwenye bodi.

Kitanzi kikiwa kizima, besi imeshikwa kwenye hasi, transista imelala, na mzunguko wote unakula miliampea 0.26. Kikikatika, besi inapanda, transista inafungua, waya wa boneti unavutwa hasi, king'ora kinalia. Kapasita inachelewesha kama robo sekunde, kwa hiyo plagi ikitikisika kidogo haikuamshi.

Pa kukosea ni hapa. Watu wananunua plagi ya pini nne, wanatumia mbili kwa umeme wa taa na mbili kwa kitanzi, wanaunganisha hizo mbili upande wa taa palepale kwenye plagi. Plagi imefichwa ndani ya ngao, safi. Lakini kutoka kwenye plagi mpaka kwenye taa kuna mkia wa waya wa sentimita 30 ulio nje. Mwizi anakata mkia. Kitanzi chako kinaishia kwenye plagi, hakijui kitu. Nyaya mbili za kitanzi zifuate mkia huo mpaka mgongoni mwa taa, zikutane pale, na vyote vivalishwe mpira mmoja wa kusinyaa kwa joto ili vionekane kebo moja. Hawezi kukata kimoja akaacha kingine.

---

TaaMbili

Mmenifumbua macho, zile bolti za ubavuni sikuwa nimezihesabu kabisa. @Fundi_Waya, mvua na matope hayataleta kelele za uongo usiku? Na king'ora changu waya wa boneti sijui kama ni wa hasi au wa chanya.

---

Fundi_Waya

Mvua haileti kelele. Inaleta kinyume chake, na hilo ni baya zaidi: kitanzi kikikatwa halafu maji ya chumvi yakaunganisha ncha mbili kwa chini ya takriban kilo-ohmu 3, besi haipandi na king'ora kinanyamaza. Kwa hiyo jaza plagi grisi ya silikoni, na pale nyaya zinapokutana mgongoni mwa taa tumia mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kelele za uongo hutoka kwenye pini zilizolegea, na hizo zinatibiwa kwa kubana pini kwa koleo lake maalumu, si kwa plaisi.

Kujua waya: funga boneti, washa king'ora, subiri kijipange, kisha gusa waya wa swichi ya boneti kwenye bodi kupitia rezista ya kilo-ohmu 1. Kikilia, ni wa hasi. Ukijaribu kwa kugusa chanya moja kwa moja bila rezista unaweza kuunguza kisanduku.

Jaribu kila taa peke yake baada ya kumaliza. Ukichomoa moja na kimya, umeunga taa sambamba badala ya mfululizo.

---

Alenkii6

Nyongeza fupi ya alama, kwa sababu haigharimu kitu. Chora namba ya gari au namba ya chesisi kwenye mbavu za aluminiamu za taa, mahali panapoonekana, kwa kalamu ya chuma kigumu au mashine ndogo ya kuchorea. Sehemu ya pili iwe ya siri, chini ya mguu. Ya kwanza inafanya taa isiuzike, ya pili ni ya kuthibitisha kuwa ni yako kama ya kwanza imefutwa kwa tupa. Paka vanishi juu ya mchoro kwa kuwa umetoboa rangi. Usichore kwenye kioo cha policarboneti, ufa utaanzia hapo. Piga picha namba za kiwandani za kila kifaa, na kwenye bima hakikisha vifaa hivyo vimeandikwa kwa majina. Bima nyingi zinalipa gari kama lilivyotoka kiwandani.

Vile vitambulishi vidogo vya bluetooth watu wanavyoficha: ndani ya mwili wa taa wa chuma havisikiki. Vinafaa kwenye hema la juu au kisanduku cha plastiki, tena ujue simu ya mwizi inaweza kumtahadharisha kwamba kuna kifaa kinasafiri naye.

---

TaaMbili

Swali la mwisho. Ile koni ya nati ya kukatika mimi mwenyewe nitaitoaje siku taa ikiungua?

---

Spana17

Inategemea umeacha nafasi kiasi gani kuizunguka, kwa hiyo fikiria hilo leo kabla ya kufunga.

Kama mkono unafika: kwa mashine ndogo ya diski nyembamba, chonga mfereji juu ya koni wa kina cha milimita 2 hadi 3, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwagia mafuta ya kupenya, subiri. Weka tindo kwenye ukingo wa mfereji, si katikati, ukiielekeza upande wa kufungulia, gonga kwa nyundo ndogo ndogo mpaka itikisike. Ile kochi bolti yenye shingo ya mraba ndiyo inakusaidia sasa, maana haizunguki pamoja na nati.

Ikikataa, piga pointi, toboa matundu mawili ya milimita 3 kwenye koni pande mbili zinazotazamana, sambamba na bolti, halafu pasua kwa tindo. Nati inafunguka kama ganda la karanga na bolti mara nyingi inapona. Funika taa na kitambaa kilicholowa maji muda wote huo, cheche za diski zinaacha vidoa kwenye policarboneti ambavyo havifutiki.

Nunua nati mbili za akiba za saizi ile ile siku hiyo hiyo unayonunua za kufunga.